Jinsi ya kumfundisha Mchina neno "take" hadi alitumie bila kufikiri

Mwanafunzi wako wa Kichina ameshikwa na mafua. Anaingia darasani na kukuambia, "I eat medicine." Siku nyingine amechelewa, anajitetea: "I sit bus, it need one hour." Mkimaliza kipindi, anakusindikiza mlangoni na kukuaga kwa adabu zote: "Walk slowly, teacher!" Mara zote tatu umemwelewa vizuri. Lakini mara zote tatu kuna neno moja la Kiingereza lililotakiwa kuwepo na halikuwepo, nalo ni "take": take medicine, take the bus, it takes an hour, take care.

Ukimuuliza kama analijua neno hilo atacheka, maana kalisoma tangu shule ya msingi. China iliamua mwaka 2001 kwamba Kiingereza kianze kufundishwa darasa la 3, kwa hiyo kijana unayemfundisha leo, awe mhandisi wa barabara au mwenye duka Kariakoo, amekaa na lugha hiyo miaka mingi. Waliopita chuo kikuu wengi wao wamefanya pia mtihani wa taifa wa Kiingereza wa ngazi ya 4, ulioanzishwa 1987. Tatizo ni namna walivyosoma: neno kushoto, tafsiri ya Kichina kulia, kariri, fungua ukurasa unaofuata. Vitabu vya msamiati vinavyofuata alfabeti vimezaa utani ambao kila mwanafunzi wa huko anaujua: neno la kwanza kitabuni ni "abandon", yaani acha, susa, na wengi hutii amri hiyo pale pale. Wachina wenyewe wana jina la matokeo yake, yǎba Yīngyǔ (哑巴英语), Kiingereza bubu. Kimejaa kichwani, mdomoni hakitoki.

Katika orodha zile "take" lilipewa mwenza mmoja, ná (拿), kushika au kuchukua kwa mkono. Sasa kwa Kichina dawa huliwa na gari hukaliwa. Mkono hauna kazi hapo. Ndiyo maana "take" halimjii. Na akifungua kamusi ya kwenye simu, mara nyingi Youdao ya kampuni ya NetEase, anakutana na msururu wa maana zisizo na kichwa wala miguu, anaifunga.

Ukija na wewe na orodha yako ya maana 20 utakuwa umemwongezea ukurasa wa kukariri. Msimamo wangu ni huu: usifundishe maana za "take". Fundisha maneno yanayoongozana nalo, kundi kwa kundi, ukianzia kwenye kitenzi cha Kichina kinachomvuta kando. Na hapa mwalimu anayezungumza Kiswahili ana mtaji ambao mwenzake wa London hana. Mwingereza anaona "take" moja tu kila mahali. Sisi tunakunywa dawa, tunapanda basi, tunapiga picha, tunafanya mtihani, tunapima joto. Kichina nacho kimegawa kazi hizo kwa vitenzi mbalimbali, ingawa mipaka yake si ya kwetu. Unajua kutoka ndani anachopambana nacho.

Huhitaji kujua Kichina ili kuufuata mwongozo huu. Pinyin kidogo inatosha, ile tahajia ya herufi za Kilatini iliyopitishwa China mwaka 1958. Herufi za Kichina nimeziweka ili umwonyeshe kwenye simu pale toni zako zitakapomwacha njia panda.

## Hatua ya 1: Uliza Kichina chake kinasemaje

Akikosea, usimrukie na jibu. Mwulize, "Kwa Kichina mnasemaje?" Atakutajia kitenzi, kiandike. Vipindi vya mwanzo mwache asimulie mambo ya kila siku: alivyoamka, alivyofika, alichokula, alivyogombana na fundi. Wewe sikiliza tu na ujaze daftari. Utagundua makosa hayatoki kila upande. Yanatoka kwenye visima vile vile:

- chī yào (吃药), "kula dawa". Anasema eat medicine. Inatakiwa take medicine.
- zuò chē (坐车), "kukaa garini". Anasema sit bus. Inatakiwa take the bus.
- cānjiā kǎoshì (参加考试), "kushiriki mtihani". Anasema join the exam. Inatakiwa take an exam.
- jì bǐjì (记笔记), ambamo jì ni kuandika na pia kukumbuka. Anasema remember notes; inatakiwa take notes.
- qǐngjià (请假), "kuomba ruhusa". Anasema yesterday I asked leave, akimaanisha hakwenda kazini. Inatakiwa I took a day off.
- yào yí ge xiǎoshí (要一个小时), "inataka saa nzima". Anasema it needs one hour. Inatakiwa it takes an hour.
- màn zǒu (慢走), "tembea polepole", anayoambiwa mgeni akiondoka. Anasema walk slowly. Inatakiwa take care.

Si kila anachosema tofauti na wewe ni kosa. "Measure the temperature" ni Kiingereza sahihi, hata kama nesi angesema "take". "Ask for leave" nayo ni sahihi kama kweli anaelezea kuomba. Inaharibika pale tu anapoitumia kwa kutokwenda kazini. Usimchoshe kwa kumsahihisha yaliyo sawa. Mtu mzima akisahihishwa kila neno huanza kuongea kwa wasiwasi, akikuangalia usoni kama kapatia.

## Hatua ya 2: Mkono na mwelekeo

Anza na maana anayoijua, ya kuchukua kwa mkono, kisha ipeleke hatua moja mbele: take au bring?

Kichina hakitenganishi hivi viwili kwa kitenzi. Kinatumia ná au dài (带), kubeba au kwenda na kitu, halafu kinaweka mkia: lái (来), kuja, au qù (去), kwenda. Dàilái ni leta. Dàiqù ni peleka. Mchina anapotafsiri huchukua kitenzi na kuusahau mkia, ndipo unapopata "Please take me some water" kutoka kwa mtu anayetaka aletewe maji. Kiswahili kimefanya kama Kiingereza, leta na peleka ni vitenzi viwili mbalimbali, kwa hiyo hapa mwongozo uko mdomoni mwako.

Zoezi lake halitaki kitabu. Weka kikombe mezani. Wewe kaa mahali pako, yeye asimame katikati ya chumba. Mwamuru: "Bring me the cup." Anakuletea. "Now take the cup to the window." Anapeleka. "Take this book to the door. Bring me that pen." Endelea mpaka miguu yake ianze kabla hujamaliza sentensi. Halafu badilishaneni: yeye akae na atoe amri, wewe utembee. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu kuelewa amri ni rahisi kuliko kuitoa. Akisema "take me the cup", usimkosoe kwa maneno. Kichukue kikombe na uondoke nacho.

Likishaingia, ongeza watu: "take the child to hospital", dài háizi qù yīyuàn (带孩子去医院). Wengi hushangaa kwamba mtu naye anaweza kuwa "taken". Kisha ongeza simu, maana ndipo wafanyabiashara wanapokwama. Mteja anapiga akiwa saiti, anauliza saruji yake. Kiingereza hapo kinamfuata anayesikiliza: "I'll bring it to you tomorrow." Kiswahili vilevile: nitakuletea kesho. Kichina mara nyingi husema sòng guòqù (送过去), kwa mkia wa kwenda, kwa kuwa mzigo unaondoka kwa msemaji. Igizeni mazungumzo hayo, kila mtu akiwa amempa mwenzake mgongo ili iwe kama simu.

## Hatua ya 3: Wenza wa "take", tukio kwa tukio

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, usikikimbilie. Kila kundi lifundishe ndani ya tukio ambalo mwanafunzi atalikuta wiki hiyo hiyo.

Duka la dawa ndilo pa kuanzia. Chukua bahasha ya dawa, ile ya karatasi ambayo muuza dawa ameiandika 2x3 kwa kalamu. Mwambie aisome kama sentensi kamili: "Take two tablets three times a day, after meals." Badilisha namba: 1x2, 1x1 usiku. Vidonge, dawa ya maji, dawa za kienyeji za Kichina zinazochemshwa na kunywewa, zote ni take. Hapa mwambie kwamba hata Kiswahili hakili dawa, kinainywa, ikiwemo ile ngumu inayomezwa na maji. Akiona kwamba kila lugha ina ukaidi wake huacha kuuliza "kwa nini" na kuanza kuzoea.

Kama bado anauliza, na wahandisi huuliza, mpe historia fupi. "Take" si neno la Kiingereza cha asili. Liliingia na watu wa Skandinavia waliovamia na kulowea Uingereza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwao lilikuwa taka. Likamsukuma nje mwenyeji wake, niman, ambaye ndugu yake bado yu hai kwenye Kijerumani. Limeishi sana mdomoni mwa watu, limezoa kazi nyingi. Basi, turudi kwenye kipindi.

Tukio la pili ni safari. "Take" linafaa kwa chombo chochote ambacho wewe ni abiria: take a daladala, take a matatu, take a taxi, take the train. Kichina hutumia zuò kwa unavyokalia, qí (骑) kwa vile unavyopanda kwa kutanua miguu, kama baiskeli, na teksi huipata kwa kupiga: dǎchē (打车). Hicho dǎ ni kile kile cha dǎ diànhuà (打电话), kupiga simu, na cha kupiga ngoma na kupiga sindano. Mtajie "piga" ya Kiswahili na kazi zake. Mtacheka kidogo na nusu saa itapita, lakini si hasara. Kisha mwache aeleze njia yake: "I take the mwendokasi to Kimara, then I take a boda boda." Akiendesha mwenyewe ni drive kwa gari, ride kwa pikipiki. Kwa walio Kenya, mwache asimulie treni ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kuanza kubeba abiria 2017. Atakuwa na la kusema.

Tukio la tatu ni picha. Pāizhào (拍照): kitenzi pāi maana yake ya mwanzo ni kupiga kwa kiganja, kwa hiyo wewe na yeye mnapiga picha, Mwingereza peke yake ndiye anayeichukua. Kosa la hapa ni la sentensi zaidi ya neno. Kwa Kichina mtu huomba "nisaidie kupiga picha", bāng wǒ (帮我), basi utasikia "Can you help me take a photo?" Mpita njia anaweza kudhani anatakiwa kushika kamera pamoja naye. Mfundishe "Can you take a photo of me?" na umsisitizie hiyo "of".

Ofisini na hospitalini pita haraka. Ofisini: take notes, take a break, take a day off, take turns. Hospitalini: take your temperature, take your blood pressure, take some blood. Hospitalini atakuwa anaambiwa kuliko kusema, kwa hiyo inatosha akisikia aelewe.

## Hatua ya 4: Muda

Shuleni China "take" la muda hufundishwa kwenye kundi la vitenzi vinne: spend, cost, pay, take. Sababu ni kwamba Kichina kina huā (花) moja kwa muda na pesa pia. Walimu wao wameipa "take" kanuni inayokaririwa neno kwa neno, "It takes sb. some time to do sth." (sb. ni mtu, sth. ni jambo), na mwanafunzi wako anaweza kukuandikia ubaoni bila kukosea. Mwulize sasa nyumbani kwake mpaka kazini ni muda gani. Atakujibu "I need forty minutes."

Usimrudishe kwenye kanuni. Mwulize maswali ya kweli, moja baada ya jingine, ajibu kwa sentensi nzima: How long does it take to clear a container? How long does it take to cook rice? How long did it take you to learn to drive? Kisha yeye akuulize wewe. Hapa ndipo utakaposikia "need how long time?", maana Kichina huuliza yào duō cháng shíjiān (要多长时间). Mfundishe "How long does it take" kama kipande kimoja kisichokatwa, akitamke kwa pumzi moja.

Kwa vitenzi vile vingine vitatu kinachosaidia ni kuuliza nani anaanza sentensi. Mtu ndiye anaye-spend na anaye-pay. Kitu ndicho kinacho-cost. "Take" la muda huanza na "it" au na shughuli yenyewe: The journey takes forty minutes. Kiswahili kinasema hivyo hivyo, safari inachukua dakika 40, na ni moja ya sehemu chache ambapo tafsiri yetu ya moja kwa moja haikosei.

## Hatua ya 5: Dukani na mezani

Wengi wa wanafunzi hawa wanauza au wananunua, kwa hiyo sentensi hizi chache zitamlipa kuliko kurasa za sarufi. "I'll take it" ndiyo nachukua hii, maneno ya kumaliza biashara. Yeye angesema "I want it", inayosikika kama ya mtoto anayelilia pipi. "I'll take two." "Do you take M-Pesa?", yaani mnapokea. "Take your time", badala ya "slowly, slowly" anayoitoa kwenye mànmàn lái (慢慢来). Na hotelini, chakula kilichobaki akitaka kufungiwa, kwao dǎbāo (打包), "Can I take this away, please?"

Kiti nacho kina habari yake. Kwenye basi Mchina huuliza yǒu rén ma (有人吗), kuna mtu? Sisi pia huuliza hivyo hivyo, pana mtu hapa? Kwa Kiingereza ni "Is this seat taken?" Kwa kuwa jambo lenyewe wewe na yeye mnalijua, haichukui dakika mbili.

## Hatua ya 6: Mikia, yaani off, out, up, over

Walimu wengi hapa huogopa na kugawa karatasi yenye vitenzi 30. Mimi huanza na off na out peke yake.

Kuna msaada ambao mwanafunzi hajui anao. Kichina kimejaa vitenzi vyenye mikia: ná chūlái (拿出来) ni kuchukua ukitoa nje, tuō xiàlái (脱下来) ni kuvua. Chūlái inafanya kazi karibu ile ile ya out. Mwonyeshe hilo na hofu itapungua nusu. Take out the rubbish, take your phone out of your pocket, take your shoes off. Fanyeni kwa vitendo: avue saa, avue koti, atoe funguo mfukoni, huku akisema anachofanya.

Kisha zungumzia nafasi ya "it". Mwanafunzi atasema "take off it". Sahihi ni take it off, take them out. Kiwakilishi hukaa katikati. Kichina kina muundo wa bǎ (把) ambao huweka kitu mbele ya kitenzi, bǎ tā ná chūlái (把它拿出来), kwa hiyo wazo la kuleta kitu kabla ya mkia si geni kwake. Litaje mara moja, halafu mazoezi yafanye kazi iliyobaki.

Take off ina maana nyingine mbili anazozihitaji: ndege kuruka, qǐfēi (起飞), na kuchukua siku ya mapumziko. Take over, ya kupokea kazi au kampuni, itamfaa aliye kwenye mradi. Take up, take in, take after na jamaa zao zisubiri mpaka azikute kwenye kusoma. Kumfundisha "take after" mtu asiyeweza kuagiza teksi ni kujifurahisha wewe mwalimu.

## Hatua ya 7: Took, taken, na sauti ya mwisho

Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. "Jana" ikishatajwa imetosha, kwa hiyo "yesterday I take bus" kwake haina kasoro. Atakuambia wao wana le (了). Mwambie, kwa makadirio, le iko karibu na -me- yetu kuliko -li-: inaonyesha jambo limetimia, si lazima liwe la zamani. Dawa ni moja tu: kila kipindi kianze na dakika tano za jana. What did you take to come here? How long did it take? Did you take any photos? Ajibu kwa took. Usiende kwenye mada ya siku kabla ya hizo dakika tano.

Sasa matamshi. Silabi ya Kimandarini, yaani Kichina sanifu, huishia kwenye irabu, n au ng, na r kwa baadhi ya lafudhi. Haina k mwishoni. Basi "take" inakuwa "teik-e" yenye irabu ndogo ya nyongeza, jambo ambalo sisi wa benki na basi hatuna haki ya kulishangaa. Anayetoka Guangdong, kusini mwa China, akiwa anazungumza Kikantoni, anayo k ya mwisho, lakini huimeza, hivyo "take" na "tay" kwake zinakaribiana. Tiba inayofanya kazi ni kuunganisha: take it, take off, take a bus, take out. K inahamia kwenye neno linalofuata na inakuwa "tei-kit", "tei-kof". Mwache atamke hivyo kwa wiki nzima kabla ya kudai "take" la peke yake.

## Hatua ya 8: Mitego, ukiwemo wa kwetu

Akishalipenda "take" atalitumia kila mahali. Atasema "I take breakfast", "I take a phone to my mother". Ya pili ni kosa, labda awe anampelekea mama simu mpya. Ya kwanza ina mjadala, na inatugusa sisi. Afrika Mashariki tunasema "take tea", "take lunch", "take a soda" bila wasiwasi, na kwa Kiingereza cha hapa inaeleweka na haina ubaya. Lakini akikaa kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, au akizungumza na Mwingereza, kinachotarajiwa ni "have tea", "have lunch". Mwambie mapema lipi ni la hapa na lipi ni la huko, asije akadhani umemdanganya. Kuoga ni "have a shower" kwa Waingereza na "take a shower" kwa Wamarekani. Lolote atakalochagua ni sawa.

## Hatua ya 9: Wiki ya mazoezi

Kadi zisaidie, lakini ziandikwe sentensi. Upande mmoja sentensi ya Kichina aliyoiandika yeye mwenyewe, upande wa pili sentensi nzima ya Kiingereza. Kadi yenye "take" upande mmoja na ná upande wa pili itupwe, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Sita kwa siku zinatosha.

Kila jioni akutumie ujumbe wa sauti kwenye WeChat, nusu dakika, akisimulia siku yake na kutumia "take" mara tatu kwa namna tatu. Ujibu kwa sauti pia, ukirudia sentensi zake kwa usahihi bila kusema "umekosea". Sauti inakupa k ya mwisho na took kwa pamoja, mambo ambayo maandishi yanaficha.

Mwisho wa wiki mpe jaribio la kutafsiri, ukichanganya sentensi zinazotaka "take" na zisizotaka:

- 我昨天吃了两片药。 (Jana nilikunywa vidonge viwili.)
- 请坐下。 (Tafadhali keti.)
- 坐火车要五个小时。 (Kwa treni ni mwendo wa saa tano.)
- 我给妈妈打电话。 (Nampigia mama simu.)
- 请给我拿一杯水来。 (Tafadhali niletee glasi ya maji.)
- 飞机几点起飞? (Ndege inaruka saa ngapi?)
- 我下个月考试。 (Mwezi ujao nafanya mtihani.)
- 他骑自行车上班。 (Anakwenda kazini kwa baiskeli.)

Ya pili, ya nne, ya tano na ya nane ndiyo mitego. Kwa ya pili "take a seat" mpe alama, amejiongeza. Ya tano ikija na "take me a glass of water", rudini kwenye kikombe na dirisha kabla ya kugusa kundi jipya. Ya tatu ikiwa na "need", kipindi kijacho kianze kwa maswali ya muda. Akipata zote lakini aliwaza sekunde kumi kwa kila moja, bado. Rudia jaribio lile lile kwa mdomo, wewe ukisoma Kichina kwa pinyin yako mbovu na yeye akijibu papo hapo.